Ngozi ya Shaba Isiyokuwepo

Shefu wetu hakujua kusoma ramani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu hukataa kuliamini, ingawa ndilo jepesi kuliko yote. Miaka sita nilifanya kazi chini yake katika ofisi ya uchoraji, na miaka yote sita niliweka alama ndogo ya penseli kwenye kona ya juu ya kila mchoro niliompelekea, ili ajue upande wa kushika. Aliizoea ile alama. Siku nilipoisahau aliizungusha karatasi mara tatu kama mtu anayevaa shati gizani, kisha akasema, "Iko muzuri, citoyenne," akailaza juu ya zile nyingine ambazo nazo zilikuwa nzuri.

Siku hizo sote tulikuwa citoyen na citoyenne, yaani raia, kwa amri, hata wale ambao uraia wao uliishia kwenye kupiga makofi. Shefu alivaa abakosti, ile suti ya serikali isiyo na tai, ya rangi ya kahawia yenye kalamu nne mfukoni, na sikuwahi kumwona akichomoa hata moja. Kampuni yenyewe haikuwa ile kubwa ambayo kila mtu huifikiria mara Kolwezi inapotajwa. Ilikuwa ndogo, yenye machimbo mawili na kambi ya wafanyakazi, na majivuno yake yangetosha kampuni kumi.

Mimi nilikuwa mwanamke pekee kwenye meza za kuchorea. Baba yangu alikuwa ametumika humohumo kama mtoboaji, yaani mtu wa kushusha bomba ardhini na kupandisha udongo wa chini ili wakubwa wajue kama kuna shaba au hakuna. Babu aliletwa kutoka Kasai kwa kazi ya mgodi, baba akaifuata, na mimi nikaifuata kwa njia ya penseli. Wakati wa mambo haya baba alikwisha kufariki. Mama alibaki katika nyumba ya kambi, ya mwisho kwenye safu, nyumba aliyoachiwa kwa barua yenye mihuri miwili, na habari yangu yote ni ya nyumba hiyo.

Nyumba ya mama ilikuwa nyeupe. Safu nzima ya nyumba kumi na mbili ilikuwa nyeupe, wakati kambi iliyobaki ilikuwa na rangi ya vumbi kama kila kitu kingine katika nchi yetu ile ya Lualaba. Nilipokuwa mtoto, baba na wenzake walitoboa mashimo mawili nyuma ya safu yetu, mahali ambapo akina mama walilima sombe, yaani kisamvu. Bomba halikupandisha jiwe la kijani la shaba. Lilipandisha mpemba, ule udongo mweupe unaoteleza vidoleni kama unga uliolowa. Mita baada ya mita, mpemba tu. Wanaume walisonya. Wanawake walileta ndoo. Jioni hiyo mama alikuwa amepaka ukuta wa mbele, na kabla ya Jumapili majirani wote walikuwa wamemwiga. Tangu hapo, kila kiangazi walichota kwenye lile rundo na kupaka upya.

Sasa, watoboaji walikuwa na desturi yao. Shimo lililotoka bure halikutajwa. Walilipigia kigingi, wakalimwagia munkoyo kidogo, kile kinywaji cha mahindi, wakaondoka bila kugeuka nyuma, na namba yake haikusemwa tena na mtu yeyote, kwa sababu shimo bure ukiliita linakufuata hadi kwenye shimo la kesho. Katika daftari lililopelekwa ofisini yaliandikwa mashimo yenye shaba tu. Baba yangu, Mkristo aliyeimba sauti nzito kanisani na kujua zaburi nyingi kwa moyo, aliishika desturi hiyo kuliko alivyozishika zaburi. Yeye na wenzake nawasamehe, walikuwa watu wa tope na kelele za mashine na walihitaji kitu cha kujikinga nacho. Nisiowasamehe ni wale waliosoma, waliokaa ofisini na feni juu ya vichwa vyao, wakalipokea daftari hilo mwaka hata mwaka bila kujiuliza ilikuwaje watoboaji wao hawakukosa hata mara moja. Waliliona limejaa shaba, wakaridhika, wakaita chai.

Kisha ikaja kompyuta. Ilikuja katika masanduku manne pamoja na mzungu wa mkataba, mwembamba, mwenye jasho jingi, aliyepewa miezi mitatu ya kutufundisha kuuona mwili wa shaba chini ya ardhi kwa rangi. Wanaume wa ofisini walihudhuria somo la kwanza, wakahudhuria la pili kwa sababu chumba kilikuwa na kiyoyozi, na la tatu nilibaki mimi. Mzungu alinitazama, akatazama mlangoni kama wengine wanakuja, akaanza kufundisha kwa huzuni.

Alipenda kitu kimoja tu duniani, nacho alikiita ngozi. Unaipa mashine kila shimo lenye shaba kama nukta, na kila nukta ina nguvu. Karibu na nukta nguvu ni kubwa, ukienda mbali inafifia. Mashine inapita kila mahali ndani ya ardhi ile ya kubuni, inajumlisha nguvu zote zinazofika hapo, na inauliza swali moja: jumla imefika kizingiti au haijafika? Ikifika, uko ndani ya mwili wa shaba. Isipofika, uko nje. Pale jumla inapolingana sawasawa na kizingiti, hapo ndipo ngozi ilipo. Hakuna mtu aliyeichora. Huwezi kuikamata na kuivuta. Ukitaka ibadilike umbo, unasogeza nukta, au unaongeza nguvu yake, au unashusha kizingiti, na ngozi inafuata yenyewe. Na nukta mbili zikisogeleana, kila ngozi inavimba kuelekea mwenzake, halafu ghafla ni ngozi moja, kama matone ya mawese juu ya mchuzi.

Nililielewa somo hilo siku hiyohiyo. Nilikuwa nimechora mistari ya shaba kwa mkono tangu nilipotoka shule, na mkono wangu ulikuwa ukifanya hesabu ile bila kujua jina lake. Nilimuuliza mzungu kama nukta inaweza kupewa nguvu ya kutoa badala ya ya kujumlisha, isukume ngozi badala ya kuivuta. Alishangaa kana kwamba kabati limemjibu. Alisema ndiyo, inawezekana, nani amenieleza? Huo ndio uliokuwa mwisho wa heshima yangu kwake, ingawa alinifundisha vizuri. Miezi mitatu ilipokwisha akapanda ndege na malaria yake, akaniachia ufunguo wa chumba.

Muda haukupita shefu akaja na habari kwamba ujumbe unatoka Kinshasa kutukagua. Alitaka filamu. Si michoro, si ramani. Filamu, kitu chenye kutembea, mwili wa shaba ukizaliwa na kukua mbele ya macho yao. Alikuwa ameanza kuuita "mutoto yetu." Alipenda kuugusa kwenye kioo cha mashine kwa kidole, na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufuta mafuta ya kidole hicho kwa spiriti.

Filamu ya namna ile ilitengenezwa hivi, na ninasema ili mtu asidhani ilikuwa mchezo. Mashine ilihesabu picha moja kwa nusu saa. Picha ikimaliza kujichora kwenye kioo, mimi, mapazia yakiwa yamefungwa, niliipiga kwa kamera ya sinema iliyosimamishwa mbele yake, fremu moja ya filamu. Kisha nilisogeza namba kidogo na mashine ikaanza kuhesabu picha inayofuata. Picha mia mbili na arobaini kwa sekunde kumi. Umeme ukikonyeza jicho tu, picha iliyokuwa ikihesabiwa ilipotea, na umeme wetu ulikuwa na macho mengi. Wenzangu walipita mlangoni, wakaniona nimekaa gizani saa nne asubuhi nikitazama kitu kisichosogea, wakacheka. Hao ndio waliokuwa wakitumia wiki nzima kupanga nani atasimama wapi kwenye picha ya pamoja na wageni.

Niliiona kasoro katika majaribio ya kwanza kabisa. Kulikuwa na donge la shaba upande wa kilima na donge lingine upande wa mto, na ngozi zake zilivimba na kushikana katikati kwa daraja. Ramani ya kambi niliichora mimi mwenyewe, kwa hiyo sikuhitaji kuulizia. Daraja lilipita chini ya safu ya mwisho. Lilipita chini ya sombe ya mama, chini ya jiko lake, chini ya kitanda alichofia baba. Mashine haikujua tofauti kati ya mahali ambapo mtu alitoboa akakuta bure na mahali ambapo hakuna aliyewahi kutoboa. Kwake kote kulikuwa kimya, na kimya ilikihesabu kuwa ruhusa. Na kwa kampuni ile, palipo na shaba hapana nyumba.

Nikaweka nukta mbili za kutoa, nyuma ya safu, mahali vigingi vya baba vilipokuwa. Daraja likakonda, likakatika, madonge yakarudi kila moja kwake. Nikamwita shefu.

Alisimama mbele ya kioo muda mrefu, mikono nyuma.

"Hii ni nini?"

"Ni mashimo mbili ya bule, shefu. Nyuma ya kambi. Tata yangu njo alitoboa. Kulitoka mpemba tu."

"Iko mu daftari?"

"Haiko. Shimo ya bule habaandikake. Lakini mpemba yenyewe iko, batu yote banaiona, iko ku kibambazi ya nyumba ya mama."

Aligeuka akanitazama kwa huruma, na huruma ya mtu yule ilikuwa mbaya kuliko hasira yake.

"Citoyenne," akasema, "kibambazi ya mama yako haina référence." Kisha akaonyesha kioo kwa kidole kilekile. "Unaona? Inafanana nyama yenye banakata mu kati. Batu ya Kinshasa batasema nini? Unganisha."

Jioni hiyo nilikwenda kwa mama, nikamweleza. Alikuwa akitwanga sombe na hakuacha kutwanga.

"Banataka kuchimba hapa? Juu ya mpemba?"

"Bado, mama. Ni picha tu."

"Beko na macho? Baje baone kibambazi." Akatwanga kidogo. "We njo uko na ile mashini. Utabaambia?"

"Nitabaambia."

"Sawa," akasema, akaongeza maji kwenye kinu. Kwake lilikuwa limekwisha. Aliamini kwamba mtu akiwa na ufunguo wa chumba basi ana neno ndani ya chumba hicho.

Sitasema kwamba sikujaribu. Kulikuwa na mtoboaji mmoja aliyebaki, mwenzake baba, ambaye sasa alilinda geti la kampuni akiwa na filimbi isiyolia. Yeye alishika bomba siku ile ya mpemba. Nilitaka aniandikie mistari miwili na jina lake chini, ili ukuta, hicho kibambazi cha mama, upate hiyo référence, yaani maandishi ya ushahidi. Nilimsalimia kwa heshima yote, nikimwita tata, kama baba yangu, nikampa karatasi. Aliposikia ni mashimo gani, alinirudishia karatasi kana kwamba ina moto.

"Hapana, mama. Ile hatutajake."

"Tata, ni nyumba ya mama. Batabomoa."

"Njo mana. Tukiitaja itafungula kinywa." Akanitazama kwa mashaka ya kweli. "Tata yako hakukufundisha?"

Akanipa karanga kiganja kimoja ili nisiondoke mikono mitupu. Nilizitupa nilipopita kona, halafu nikaona haya, nikatazama nyuma kama ameniona. Hakuwa ametazama. Alikuwa amegeukia upande mwingine kabisa, asilione shimo likinifuata.

Basi nikaunganisha.

Nieleze vizuri nilivyofanya, kwa sababu hapa ningeweza kujitetea kwamba niliamriwa, na watu wangekubali, nchi yetu nzima wakati ule ilikuwa imeamriwa. Kuziondoa nukta mbili kulinichukua dakika moja. Shefu angetosheka na hapo. Lakini daraja lililorudi lilikuwa baya, limebanwa kiunoni, na katika picha zinazotembea lilitokea ghafla kama kofi. Sikulipenda. Nikaanza kulitengeneza. Nilizipa nguvu nukta za pembeni, nikashusha kizingiti polepole, picha kwa picha, nikasogeza nukta mbili za upande wa kilima chini kidogo mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kutoboa chochote, ili ngozi zitangulie kuinuka, zisite, kisha zigusane kwenye ncha tu kabla ya kushikana. Wiki nne nilifanya kazi hiyo. Madonge yalipumua. Yalitafutana. Yalipokutana, wimbi dogo lilipita juu ya ngozi yote likaishia pembeni. Nilifurahi, nasema wazi. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, wala kabla wala baada.

Na nyumba ya mama? Niliifikiria kila siku, na kila siku nilijipa jibu lilelile. Kampuni hii, nilijiambia, imechukua miaka minne kujenga choo cha ofisi na bado hakina mlango. Pampu ya machimbo ya pili imelala tangu nilipoajiriwa. Hawa watatazama, watapiga makofi, watakula kuku, watarudi Kinshasa, na filamu itawekwa kabatini pamoja na ramani zilizogeuzwa juu chini. Kuchimba ni kazi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufanya kazi. Niliwadharau kiasi hicho. Dharau yangu ndiyo iliyokuwa blanketi langu, na nililala vizuri.

Siku ya wageni ikagundulika kwamba shuka la sinema la klabu ya kampuni limeliwa na panya. Shefu hakukosa akili siku hiyo. Aliamuru ukuta wa mwisho wa ukumbi upakwe rangi nyeupe, upesi, na kwa kuwa rangi haikuwepo stoo, vibarua walitumwa na mikokoteni kuchukua udongo mweupe kule ambako kila mtu alijua unapatikana. Mama mwenyewe aliwaonyesha sehemu ya rundo yenye mpemba laini zaidi. Walipaka mara mbili. Ukakauka safi kabisa.

Saa tisa mchana mapazia yalifungwa, projekta ikawashwa, na shaba ya chini ya nyumba ya mama ikaonyeshwa juu ya ule udongo uliotoka chini ya nyumba ya mama. Nilisimama karibu na mashine kwa ajili ya kurudisha filamu. Sikucheka wakati ule, na sijaweza kucheka hadi leo, ingawa nimewahi kuisimulia kwa watu waliocheka mpaka wakakohoa.

Mkubwa wa wageni alikuwa amesinzia tangu hotuba ya pili. Aliamka pale madonge yalipogusana. "Oh," akasema, kama mtoto. Akaomba irudiwe. Nikairudia mara tano, na kila mara yalipokutana alipiga makofi, na kila alipopiga makofi ukumbi mzima ulipiga makofi, hata wale walioketi nyuma ya nguzo wasioona kitu. Kisha akauliza kwa Kifaransa: hapo katikati, hapo panaposhikana, ni mahali gani hasa?

Shefu hakujua. Angejuaje? Alinitazama, na mara ya kwanza katika miaka yote ile niliona macho yake yakiniomba.

Ningeweza kusema pale pote kuna udongo kama ule ulio mbele yenu ukutani. Ningeweza kusema sijui. Badala yake nikasogea mbele katika mwanga wa projekta, kivuli changu kikiwa kikubwa ukutani, nikaweka kidole mahali penyewe na kusema kwa sauti ya mwanafunzi bora: chini ya kambi, safu ya mwisho, kati ya mita arobaini na sabini kwenda chini. Sikukosea hata mita moja. Mkubwa aligeuka kwa shefu akasema, huyu citoyenne anajua kazi. Nilirudi kwenye mashine nikiwa na mpemba kwenye ncha ya kidole.

Jambo nililokuwa silijui, pamoja na ujuaji wangu wote, ni kwamba mvivu akipigiwa makofi na mkubwa hukimbia kuliko farasi. Barua zilifika safu ya mwisho baada ya wiki tatu. Mihuri miwili ya barua ya mama ilizidiwa na mihuri minne ya barua mpya. Kampuni iliyoshindwa kuweka mlango wa choo ilipata katapila, ilipata mafuta ya katapila, ilipata hata dereva wa katapila aliyeamka mapema. Nyumba kumi na mbili zilianguka kabla ya chakula cha mchana. Mama alikuwa amekwisha kung'oa mlango wake wa mbele siku iliyotangulia, akaubeba kichwani mpaka kwangu Dilala, akauegemeza ukutani katika chumba changu ambacho tayari kilikuwa na mlango. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba sombe ilikuwa karibu kukomaa.

Walichimba kiangazi chote. Mwanzoni walitoa udongo mwekundu wa juu, na shefu alikuja kila siku na kofia ya plastiki. Kisha wakafika kwenye mpemba. Walichimba mpemba mita kumi, wakasema bado kidogo. Mita ishirini. Malori yalikuwa meupe, madereva weupe, mbwa wa kambi weupe. Walipita mita arobaini, walifika sabini, mahali pale nilipoweka kidole, na palikuwa peupe kuliko juu. Mvua za kwanza zikajaza shimo maji ya rangi ya maziwa, wakaondoa mashine, wakaandika ripoti. Niliichapa mimi. Ilisema kwamba mwili wa shaba ulionekana kuwa umehama.

Jumatatu yake shefu aliingia katika chumba changu bila kubisha. Ujumbe mwingine ulikuwa unakuja.

"Citoyenne, ile filme. Katikati kule. Unaweza kuikata?"

"Naweza, shefu."

"Itachukua siku ngapi?"

Haikuchukua siku. Zile nukta mbili za kutoa sikuwa nimezifuta. Nilikuwa nimezizima tu, zilikaa chini kabisa ya orodha. Niliziwasha mbele yake. Daraja likakonda, likakatika. Alilitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema iko muzuri, akagusa kioo kwa kidole, akaenda zake. Hakukumbuka kwamba amewahi kuiona picha ile, na ninaamini kabisa hakujifanya. Alipandishwa cheo mwaka uliofuata. Mashine ilikufa kwa unyevu, na sanduku la kioo chake liligeuzwa kiti cha mlinzi wa geti, yule mwenye filimbi.

Lakini bado sijasema lililonipata mimi. Kabla ya mvua, shimo lilipokuwa limefika chini, wanawake wa kambi ya zamani walianza kwenda ukingoni na ndoo. Mpemba ulikuwa mwingi kupita wakati wowote, na bado ilikuwa kiangazi, na kiangazi ni wakati wa kupaka. Mama alikwenda nao kwa miguu kutoka Dilala. Nilirudi kazini nikamkuta amesogeza vitu vyangu katikati ya chumba, amefunga kitambaa kichwani, anapaka ukuta wangu wa kijivu kwa mikono miwili, kutoka juu kushuka chini, kama alivyofanya nilipokuwa mtoto.

Nilisimama mlangoni. Alijua ni mimi na hakugeuka.

"Ulibaambia?" akauliza.

Hakuwahi kuniuliza tangu siku ile ya sombe. Nilikuwa na jibu tayari, nililiandaa miezi mingi.

"Nilibaambia, mama. Habakusikia."

Akachovya mikono kwenye ndoo. Akapaka pale penye msumari, akazunguka msumari vizuri.

"Shefu yako alikuwa kule ku shimo leo," akasema. "Eko na adabu. Alitusalimia batu yote, mumoja mumoja. Aliuliza, mama wa citoyenne ni nani? Nikasema ni mi. Akanishika mukono, na hii mpemba yote." Akaonyesha viganja vyake, bado akiutazama ukuta. "Akasema, mama, uko na mutoto wa akili. Batu yote balinyamaza, yeye njo alisimama akatuonyesha fasi ya kuchimba."

Aliendelea kupaka mpaka akafika kwenye kona, mahali meza yangu ya kuchorea ilipokuwa.

"Sogeza meza," akasema, "nimalize."

Nikaisogeza.